Imebaki Ngapi?

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Julai, saa kumi na mbili na robo jioni, na ukungu ulikuwa umekwisha kupanda kutoka Bonde la Kerio na kuufunika ukingo wote wa Kapsirwa. Mvua haikuwa imenyesha, lakini kila kitu kilikuwa kimelowa: ua wa michongoma, nyaya za seng'enge, hata nywele za Jebiwott zilizochomoza chini ya kitambaa chake. Alikuwa amebeba mtungi wa maziwa ya jioni, anaupeleka kwenye kituo cha kupimia maziwa pale njia panda. Ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwake baada ya miaka tisa ya mbio za mita elfu kumi.

Maisha yake yalikuwa yamepangwa kwa utaratibu, na ni yeye na mumewe waliokuwa wameyapanga. Kwanza yeye angestaafu, kwa kuwa goti la kushoto lilikuwa limekataa. Kisha angezaa mtoto waliyemwahirisha mwaka hadi mwaka kwa ajili ya mashindano. Kisha Kiptalam, mumewe, angekimbia marathoni moja ya mwisho, na baada ya hapo wangekaa nyumbani wote wawili, wanenepe kama watu wengine. La kwanza lilitimia. La pili nalo likawa njiani. Lakini Alhamisi moja ya Januari, mimba ikiwa ya miezi sita, Kiptalam alianguka barabarani katika mazoezi na hakuinuka tena. Mtoto alizaliwa Aprili, baba yake akiwa ameshazikwa nyuma ya zizi.

Mpima maziwa pale kituoni alikuwa Kangogo, aliyekuwa kiongozi wa kundi la mazoezi la Kiptalam. Tangu Januari hakuwa amevaa viatu vya kukimbilia hata mara moja, na mwili wake ulikuwa umelipiza kisasi upesi.

"Bingwa amefika," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. "Leo umechelewa. Ng'ombe ndiyo ilikuwa inakukimbiza?"

"Bora mimi bado nakimbizwa. Wewe na hiyo tumbo, hata kobe atakungoja kwa kona."

"Hii si tumbo. Ni pensheni."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kangogo na Jebiwott walitaniana juu ya kila jambo duniani isipokuwa ile Alhamisi ya Januari. Kangogo alipomuuliza hali ya yule mzee mdogo, akimaanisha mtoto, Jebiwott alimjibu kwamba amelala. Hakumwambia kwamba kwa wiki mbili sasa, kila giza lilipoanza kuingia, moyo wa mtoto ulianza kwenda mbio kifuani kama kitu kinachotaka kutoka. Hakumwambia kwamba alikuwa amempeleka zahanati mara mbili asubuhi, na mara zote mbili wauguzi wakamkuta mtoto mzima, anacheka, wakamtazama mama yake kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wajane.

Alichukua mtungi mtupu akaanza safari ya kurudi.

Barabara ilikuwa haina mtu. Ukungu ulikuwa umeikata vipande: hapa mikaratusi miwili, pale nguzo ya lango, kisha weupe mtupu. Alipopita shamba la viazi la mwisho, alisikia miguu nyuma yake.

Hakushtuka. Kapsirwa ni mahali ambapo mtu husikia miguu inayokimbia kabla hajasikia jogoo. Alisogea pembeni, kama anavyosogea kila mtu, ampe mkimbiaji njia.

Pah... ta. Pah... ta. Pah... ta.

Mkimbiaji alifika ubavuni pake akapunguza mwendo. Alikuwa amevaa kofia ya sweta iliyoufunika uso. Pumzi yake ilikuwa fupi, ya mtu aliyekwisha kuvuka mpaka wa nguvu zake na sasa anakimbia kwa kitu kingine.

"Imebaki ngapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kidogo tu," Jebiwott alijibu. "Umefika. Vuta."

Akavuta. Miguu ikapotea ndani ya ukungu.

Jibu lile halikuwa uongo, au watu wa huko hawaliiti hivyo. Ni adabu. Mkimbiaji aliyechoka akikuuliza njia iliyosalia, humwambii kilomita. Unamwambia imebaki kidogo, hata kama nyumbani kwake ni ng'ambo ya vilima viwili. Watoto wa shule hujibu hivyo, na wazee wanaochunga kondoo. Makocha hujibu hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Jebiwott mwenyewe alikuwa amejibiwa hivyo mara zisizo na idadi, na kila mara alikuwa ameamini kwa muda wa kutosha kufika.

Alikwenda hatua chache. Kisha akasimama.

Mambo yalimjia moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama mtu anayezisoma alama za njia. Alhamisi ni siku ya mbio ndefu. Makundi yote hutoka alfajiri, na hakuna mwanariadha anayekimbia tena jioni ya siku hiyo. Hilo la kwanza. Barabara ilikuwa imelowa kwa ukungu, lakini miguu ile ilikuwa imelia kama inayopiga vumbi kavu. Vumbi la Januari. Kisha ile sauti yenyewe: mguu wa kulia ukipiga chini kwa kofi, wa kushoto ukigusa kwa wepesi, mwendo alioujua. Na mwisho, harufu. Ilikuwa bado imening'inia hewani pale aliposimama, mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na karafuu maiti, dawa ya kuchua misuli ambayo mtu mmoja tu aliichanganya kwa mikono yake, jikoni mwake, akitukanwa na mkewe kwa kuharibu sufuria.

Mtungi ulimtoka mkononi.

Hakuuokota.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Kogo Tapsubei, kama mabibi wanavyoitwa huko, ameketi karibu na moto, mtoto mapajani. Kikongwe alikuwa anatabasamu. Mtoto alikuwa macho, jasho limemlowesha hadi kwenye nepi, na miguu yake midogo ilikuwa inapiga hewa. Haikupiga ovyo kama ya watoto. Ilipiga kwa zamu, na wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto.

Jebiwott aliweka kiganja kifuani mwa mtoto. Moyo haukuhesabika.

"Imeanza saa ngapi?"

"Ulipotoka tu," Kogo alisema. "Kuna wakati ilipunguza kidogo, nikadhani analala. Halafu ikachukua tena, kwa nguvu. Muangalie. Si ni yeye?"

Jebiwott alimfuta mtoto jasho. Alijua ni yeye. Na ni Jebiwott mwenyewe aliyemwita.

Kwa watu wa Kapsirwa mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo humzunguka na kuyataja majina ya wafu wa ukoo, moja moja, polepole, mpaka mtoto apige chafya. Jina litakalomkuta anapiga chafya ndilo la mfu aliyerudi ndani yake, na tangu hapo jina hilo ni lake. Sheria ni moja: wanaitwa wale waliokufa zamani, waliokwisha kutulia. Hawamwiti mtu ambaye udongo wa kaburi lake haujashuka.

Asubuhi ile ya Aprili waliwaita wote. Walimwita arap Kimosop aliyekufa kwa uzee, wakamwita ndugu yake, wakawaita wajomba hadi wakafika kwa watu ambao hakuna aliyekumbuka sura zao. Mtoto aliwatazama tu. Waliponyanyuka kwenda kunywa chai, wakisema wataendelea jua likipanda, Jebiwott aliinama akalinong'ona jina la mumewe katika sikio la mwanawe. Hakuwa na nia ya kuvunja sheria. Alitaka tu kulisema kwa mtu.

Mtoto alipiga chafya kabla jina halijaisha.

Kogo Tapsubei, aliyekuwa mlangoni, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Na Jebiwott, Mungu amsamehe, alifurahi.

Baada ya Alhamisi ile alikaa ndani jioni tatu mfululizo, mlango umefungwa kwa komeo, mtoto kifuani. Haikusaidia. Giza lilipoingia miguu ilisikika barabarani, mbali, ikipanda kutoka upande wa bonde. Ilipofika usawa wa lango ilipunguza mwendo. Ilingoja. Kisha ikaendelea, na moyo wa mtoto ukaendelea pamoja nayo. Mtoto alikuwa ameanza kukonda. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, mashavu yameingia ndani, na jioni alikataa titi kabisa, kama mwanariadha anayekataa chakula kabla ya mashindano. Jebiwott alipomlamba kipaji cha uso alikuta chumvi nyingi, chumvi ya mtu mzima.

Jumatatu alimwomba Kogo waitwe tena wanawake. Jina lingeweza kubadilishwa. Ilikuwa imewahi kufanyika katika boma jingine, mtoto aliyekuwa akilia bila kukoma akapewa mfu mwingine akanyamaza. Alilieleza hilo kwa utulivu, hatua kwa hatua. Kikongwe alimsikiliza mpaka mwisho, akikoroga makaa.

"Nilizaa mmoja," alisema. "Wengine walizaa saba, wanane, mimi mmoja. Waliniletea yeye kwa gari ya viazi, amefunikwa na gunia. Sasa amepiga hodi kwa mlango yako, na wewe unataka nimwambie arudi kwa baridi?"

"Kogo, mtoto anakufa."

"Mtoto ni yeye."

"Anakimbia mpaka atakufa tena. Hujaona miguu?"

Kogo aliacha kukoroga makaa. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Jina ni moja sasa, msichana yangu. Ukiliita wanaitika wawili. Huwezi kufukuza mmoja ukabaki na mwingine. Ingekuwa hivyo, unadhani mimi ningenyamaza?"

Basi Jebiwott akajua kwamba kikongwe pia alikuwa ameisikia ile miguu ya barabarani, kila usiku, na alikuwa amejilaza kitandani akiisikiliza kama mtu asikilizavyo mwanawe akirudi nyumbani.

Jumatano alikaa kituoni mpaka foleni ikaisha. Kangogo alikuwa anaosha mizani. Alianza kumtania kuhusu mtungi wake mpya, akauona uso wake, akaacha.

Jebiwott alimuuliza jambo ambalo hakuwa amewahi kumuuliza: ile Alhamisi ilikuwaje.

Kangogo alimsimulia akiwa amempa mgongo, maji yakimtiririka vidoleni. Walitoka alfajiri, watu ishirini na zaidi, mbio ndefu za kushuka na kupanda. Kiptalam aliamka na homa lakini hakusema, kwa kuwa marathoni ilikuwa imekaribia. Baada ya kupanda kilima cha kwanza alianza kubaki nyuma. Kundi halimngoji mtu. Jebiwott aliijua desturi hiyo, alikuwa ameiishi. Anayeshindwa hutembea, au hupanda gari la kwanza linalopita, na jioni watu humcheka kidogo, yakaisha. Ila Kangogo, kwa kuwa alikuwa rafiki yake, alirudi nyuma kidogo akakimbia naye bega kwa bega.

"Akaniuliza imebaki ngapi," Kangogo alisema. "Nikamwambia kidogo tu. Umefika."

"Ilikuwa imebaki ngapi?"

Maji yalitiririka.

"Kilomita kumi na nne."

Kangogo aliiweka mizani chini.

"Ningemwambia ukweli angetembea," Kangogo alisema. "Angetembea tu, kama mtu. Mimi nikamuacha nikafuata kundi. Yeye akaniamini akavuta. Walimpata ndani ya mtaro pale kona, jioni, na mikono bado imekunjwa hivi." Aliikunja yake, ngumi mbili hafifu, kama mkimbiaji. "Wiki iliyofuata tukatoka tena. Sote tulimsikia nyuma. Hakuna mtu aligeuka. Hakuna mtu alisema. Nilipofika nyumbani nikavua viatu."

Jebiwott alitaka kumchukia, lakini yeye mwenyewe, Alhamisi iliyopita, katika ukungu, alikuwa ametoa jibu lile lile kwa maneno yale yale. Na mumewe alikuwa amemwamini pia.

Alhamisi iliyofuata, jua lilipokuwa linatua, alimnyonyesha mtoto alichokubali kunyonya, akampa Kogo, akaingia chumbani. Viatu vyake vya kukimbilia vilikuwa chini ya kitanda, panya wametafuna kisigino kimoja. Alivivaa. Alilifunga goti kwa kitambaa. Kogo alimtazama akipita mlangoni, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, na mtoto, taratibu, alikuwa ameanza kupiga miguu.

Alingoja langoni. Ukungu ulikuwa mwepesi kuliko wiki iliyopita. Aliweza kuiona barabara mpaka pale inapoinama.

Hapakuwa na mtu.

Pah... ta.

Hapakuwa na mtu.

Pah... ta. Pah... ta.

Harufu ilimfikia kwanza. Kisha pumzi. Jebiwott aligeuza uso wake mbele, akainua mikono, akaanza kukimbia kabla hajafikiwa, kama mtu anayepokea kijiti. Aliamua hatamtazama. Alijua kuna uso chini ya ile kofia na alijua umekaa udongoni miezi sita.

Wakawa sambamba.

Hatua za kwanza goti lilimchoma hadi nyongani. Halafu likafa ganzi, na mwili ukakumbuka. Mikono ilitafuta mahali pake, kifua kikafunguka, na miguu yake ikashika mwendo wa ile mingine bila kuamrishwa, kama ilivyoshika kila alfajiri kwa miaka mingi, walipokuwa wanakimbia hivi, hawasemi kitu, wameoana kwa mlio wa viatu tu. Aliipita mikaratusi. Akayapita mashamba ya viazi. Alisahau alichotoka kufanya. Kwa muda ule, barabarani, katika baridi ile, alikuwa na mume.

"Goti je?" sauti iliuliza.

Machozi yalimtoka mara moja, kana kwamba yalikuwa yakingoja swali hilo tu tangu Januari.

"Linauma."

"Rudi basi. Usiniharibie."

Ndivyo alivyomtania siku zote. Usiniharibie mwendo. Jebiwott aliuma mdomo, akaendelea. Alimsikia akihema, ile pumzi fupi, mbaya, ikikatika katikati. Na chini ya pumzi ile alisikia nyingine, nyembamba, ya haraka, kama ya ndege aliyeshikwa mkononi. Alijua ni ya nani. Ilikuwa inatoka kifua kile kile.

"Imebaki ngapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake. Lilikuwa tamu. Akilisema, kesho atakuja tena, na kesho kutwa, na kila jioni watakimbia hivi kutoka langoni hadi gizani. Kidogo tu. Umefika. Vuta.

"Haijabaki," Jebiwott alisema. "Ziliisha. Ulianguka pale mtaroni, tukakuzika nyuma ya zizi. Hakuna mbio tena. Pumzika."

Miguu haikupunguza mwendo.

"Ndivyo mnasemanga," sauti ilisema, bila hasira. "Imeisha, imeisha. Halafu kunakuwa na kilima kingine."

"Ni ukweli. Mimi sikudanganyi."

"Wiki iliyopita ulisema kidogo tu."

Mbele, kwenye kona, ulionekana mtaro, na ng'ambo yake barabara ilikuwa inapanda tena ndani ya weupe. Jebiwott alianza kubaki nyuma. Hatua moja... mbili. Alinyoosha mkono akashika baridi. Mumewe akiipita kona ile, moyo mdogo ule utakwenda naye usirudi. Hilo alilijua kwa hakika ambayo hakuna aliyemfundisha. Alimwomba asimame. Akamwita kwa majina ya chumbani, majina ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Miguu ilizidi kwenda.

Katika kambi zote za ukingo ule kuna njia moja tu ya kumtoa mkimbiaji barabarani. Kocha hutaja jina lake kwa sauti, mara moja, na aliyetajwa hushuka. Habishi wala haulizi. Mwili wake umefunzwa kutii kabla akili haijasikia.

Jebiwott alikuwa amefika mwisho wa pumzi yake.

"Kiptalam! Simama!"

Pah.

Mguu wa kushoto haukugusa chini.

Ukimya uliofuata ulikuwa mzima kabisa, kama chumba kilichofungwa. Harufu ilikatika. Mbele yake palikuwa na mtaro, majani yaliyolowa, na barabara tupu inayopanda. Alisimama akisikiliza, mikono magotini, na kwa pumzi mbili au tatu alihisi kitu kama amani.

Kisha akasikia alichokuwa amekisema.

Ukiliita wanaitika wawili.

Aligeuka akakimbia. Hakuna aliyemwona akikimbia jioni ile, na hakuna kocha aliyewahi kumwona akikimbia hivyo. Goti lililegea mara mbili, akaanguka, akaamka. Hakuita, kwa kuwa hakujua tena ni jina gani angeweza kuliita salama. Kwa kila hatua aliomba asikie kilio cha mtoto kutoka bomani. Kilio chochote, hata cha maumivu.

Boma lilikuwa kimya.

Kogo Tapsubei alikuwa ameketi palepale. Moto ulikuwa umeshuka. Mtoto alikuwa mapajani mwake, miguu imenyooka, haisogei. Kikongwe hakuwa anatabasamu tena; alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana.

"Ameacha," alisema. "Alikuwa anapiga miguu, halafu akaacha, mguu mmoja uko juu. Sasa amelala." Akatulia. "Nimeshindwa kujua ni nani amelala."

Jebiwott alimchukua. Alikuwa na joto. Jasho lilikuwa limekauka. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, wenye harufu ya maziwa, na uso ule ambao kwa wiki tatu ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayepanda kilima ulikuwa umelainika kote. Alikuwa mzuri. Alikuwa anafanana sana na baba yake.

Aliweka sikio kifuani mwake na hakusikia kitu.

Akangoja.

Pigo moja. Kubwa, pole, lililotoka mbali. Kisha nafasi ndefu, ndefu mno, ambamo Kogo alianza kulia bila sauti. Kisha pigo jingine.

Alimwomba Kogo ashike taa karibu na saa ya ukutani. Alizuia pumzi yake mwenyewe na akahesabu dakika nzima, tangu mshale ulipoondoka juu hadi uliporudi. Kule zahanati walikuwa wamemwambia kwamba moyo wa mtoto wa miezi mitatu haukai chini ya themanini, hata katika usingizi mzito. Ukishuka hapo, mtoto hana muda. Lakini huyu alikuwa anapumua vizuri, rangi yake ilikuwa nzuri, na kidole cha mama yake alikuwa amekishika kwa nguvu.

Alihesabu mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza huenda alikuwa amekosea. Moyo wa mwendo ule ni wa mtu mzima, aliyekimbia miaka ishirini, na sasa amepumzika.

Mapigo thelathini na nane.